Cheni ya Watu Wawili

Mume wangu anatengeneza pikipiki lakini hapandi pikipiki. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, wanadhani nawatania. Wao wanamwona kila siku amechutama kwenye kibanda chake mbele ya nyumba yetu, mikono myeusi hadi viwikoni, akizibembeleza injini za watu kama zina masikio. Inaletwa pikipiki inayokohoa, inaondoka nzima. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiuliza mbona fundi mwenyewe anakwenda sokoni kwa miguu.

Mimi nimejiuliza kwa niaba yao wote. Akimaliza kazi huiweka pikipiki kwenye standi kubwa, gurudumu la nyuma likawa hewani, anawasha, anaingiza gia, anainamisha kichwa na kusikiliza. Kisha anamwambia mwenye pikipiki, "Hebu zunguka nayo mpaka pale kwenye kona, halafu urudi uniambie." Watu wanaona ni heshima, kwamba fundi anamwachia mteja aonje wa kwanza. Heshima gani. Ni woga mtupu, ila ameuvalisha koti.

Sitamwonea, woga wenyewe una sababu. Alipokuwa kijana alipakizwa na kaka yake kwenye pikipiki yenye cheni iliyolegea. Cheni ikaruka kwenye meno, ikajibana, gurudumu la nyuma likakwama wakiwa katikati ya mwendo. Kaka alivunjika mguu. Mume wangu hakuchubuka hata kidole. Na kati ya hao wawili, aliyevunjika mguu ndiye anayeendesha mpaka leo. Anakuja kutusalimu kwa pikipiki, anashuka akichechemea, anamwuliza mdogo wake kama bado anaogopa. Mdogo wake anachutama na kuikagua cheni ya kaka yake, kisha anamwambia aende akale.

Mimi ni nesi. Nawazungukia majumbani wagonjwa wasioweza kufika kliniki, nawafunga vidonda, nawapima presha, nagombana nao kuhusu dawa walizoacha kumeza. Kazi hiyo haiendi bila pikipiki. Nilijifunza kuendesha nikiwa tayari mama wa mtoto, na aliyenifundisha ni huyo huyo asiyepanda, akitembea kando yangu uwanjani, mkono mmoja kaung'ang'aniza kwenye keria.

"Breki zote mbili pamoja, Nesi," alikuwa akiniambia. "Ile ya mbele uikamue taratibu, kama chungwa. Na usilitazame shimo. Ukilitazama utaliingia. Tazama unakotaka kwenda."

Siku nilipochomoka peke yangu alibaki amesimama katikati ya uwanja, mkono bado uko mbele, ameshika hewa. Nilimwona kwenye kioo. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi alikuwa amenawa.

Tangu hapo sijawahi kutoka asubuhi kabla hajachutama. Anabonyeza tairi kwa kidole gumba. Anataka kuona taa, anataka kusikia honi, anaminya breki na kuachia. Kofia ananifunga yeye, anaupitisha mkanda chini ya kidevu na kuuvuta mpaka nikunje uso, kana kwamba kidevu ni chake. Cheni anaiacha mwisho. Anaigusa polepole, anazungusha gurudumu, anaigusa tena, anakaza. Wanaume wengine huwaambia wake zao maneno matamu. Mimi nimeambiwa "nimekukazia cheni" miaka yote hii, na nilishajifunza kuyasikia maneno hayo yalivyo.

Kisha binti yetu akajifungua.

Ni mtoto wetu wa pekee, na ameolewa ng'ambo ya kilima. Zamani magari yalifika kwake. Mvua zikaondoka na daraja, kilichobaki ni mbao zilizopangwa juu ya nguzo mbili, zinapitisha mtu na zinapitisha pikipiki, basi. Kwa miguu ni safari ya siku nzima, na magoti ya mume wangu yalishakwisha kwa kuchutama. Kwa maneno mengine, anayetaka kumwona yule mtoto apande pikipiki, au angoje daraja, na daraja tuliloahidiwa lilikuwa bado linaahidiwa.

Alizaliwa mtoto wa kike. Kwa hiyo mume wangu kapata mchumba na mimi nimepata mke mwenza, kama babu na bibi wanavyojitania. Nikamwambia, "Umeletewa mke mdogo, haya twende ukamtazame." Mwanamume mwingine angekimbia na kiatu kimoja. Wangu akasema kuna injini ya mtu ameifungua, hawezi kuiacha wazi.

Nikaenda peke yangu. Alitumia asubuhi nzima kuiandaa pikipiki yangu kwa safari hiyo. Nilipokuwa nawasha akanipa kibati kidogo alichokisugua mpaka kikang'aa, amekiziba pande zote kwa risasi ya kulehemu. Ndani ametia gololi za beringi. Ukikitikisa kinalia.

"Mpe," akasema. "Mwambie babu yake anakuja."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Nilikwenda na kurudi mara nyingi baada ya hapo. Kila nikirudi, ananyang'anya simu yangu kabla sijavua kofia, anaangalia picha za mtoto akizikuza kwa vidole vyeusi mpaka kioo kikajaa grisi. Anataka kujua kama analala vizuri, kama masikio ni ya upande wetu. Binti yetu akipiga simu, swali lake lilikuwa moja, "Baba, utakuja lini?" Na jibu lilikuwa moja. Wiki ijayo ya mume wangu haikuwa na Jumatatu.

Nilijaribu kubembeleza, nikajaribu kununa. Nilimnunulia kofia yake, nikaitundika msumarini pale kibandani, kati ya spana. Akaitumia kuwekea nati. Sikukasirika sana mpaka siku nilipogundua kwamba binti yetu akipiga simu haulizi tena. Anamsalimu baba yake, anamwuliza kuhusu kazi, anasema haya baba, usiku mwema. Mume wangu hakuliona hilo. Mimi niliona, likaniuma, maana mtoto wangu namjua: ameanza kuzoea. Bado kidogo tu, mume wangu angekuwa babu wa kwenye simu maisha yake yote.

Siku moja nilifika kule nikamkuta binti yangu amejikunyata kitandani, anatetemeka chini ya blanketi na jua liko nje. Titi moja limevimba, limekuwa gumu na la moto. Homa ya namna hiyo naijua, na dawa zake sikuwa nazo begini. Ilibidi aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Mama mkwe wake akampokea mtoto. Nikamvalisha binti yangu kofia ya mumewe, nikaifunga na kuuvuta mkanda kama ninavyovutiwa, nikamwonyesha pa kukanyaga, nikamwambia anikumbatie kiunoni.

Alipokaa tu, pikipiki ikabadilika sauti. Tulipoondoka nikasikia mlio mwembamba kutoka nyuma, wa kulalamika. Kila tulipopita kwenye bonde la barabara mlio unageuka mngurumo, na pikipiki inavuta kwa shida kama kuna mtu ameikamata keria. Kwenye tuta moja kitu kikapiga kishindo chini yetu, nikakisikia kwenye nyayo. Nikashika breki zote mbili, nikasimama kando.

Nilichutama kama ninavyomwona mume wangu akichutama. Binti yangu akiwa bado amekaa juu, nikaigusa cheni. Imekaza kama waya wa uzio. Nikaisukuma juu, nikaisukuma chini, haitikisiki. Nikamwambia ashuke. Aliposhuka springi zikainuka, na cheni ikapata pumzi kidogo, ikawa vile vile kama baba yake alivyoifunga asubuhi.

Mimi si fundi, lakini nimekula na kulala na fundi. Uzito ukiongezeka nyuma, springi zinashuka, gurudumu linapanda, cheni inavutika. Ndiyo maana cheni haikazwi mpaka mwisho, inaachiwa nafasi ya mzigo. Na mume wangu alikuwa ameiachia yangu nafasi ya mtu mmoja tu. Mimi peke yangu, na begi langu la dawa. Ingetukatikia kwenye mteremko wa kuelekea kwenye mbao, sijui leo ningekuwa nasimulia nini.

Hatukupanda tena. Nikaisukuma pikipiki, binti yangu ameshika keria kwa nyuma, anatembea na homa yake, anasimama, anatembea. Tulivuka mbao hivyo hivyo. Ng'ambo tukampata dereva mmoja wa pikipiki ya kubeba abiria, mtu mzima mwenye mwendo wa adabu, akamfikisha kliniki. Alipata dawa, homa ikashuka, mumewe akaja kumchukua. Mimi nikarudi nyumbani taratibu, peke yangu, na cheni haikutoa hata sauti. Ilikuwa imetulia kabisa kwa ajili yangu. Nililia ndani ya kofia.

Mume wangu alikuwa anafunga kibanda.

"Fundi," nikamwita. Huwa simwiti hivyo, hivyo akageuka mara moja. "Cheni za wateja unaziachia nafasi gani?"

"Vidole viwili."

"Na yangu?"

Akafuta mikono, ingawa haikuwa na kitu kipya cha kufutwa. "Yako naikaza kidogo. Ikilegea inaruka, Nesi. Unajua mwenyewe."

"Na nikimpakia mtu?"

"Si nilikwambia usipakie mtu."

"Leo nimempakia mwanao."

Nikamweleza yote, na sikutia sukari. Alikaa juu ya kreti lake. Nilipofika pale pa kusukuma pikipiki aliinua kichwa.

"Alitembea?"

"Alitembea. Na homa yake."

Nje mtu alipita na kumsalimu fundi, fundi hakuitika, na hilo halijawahi kutokea. Baadaye akasema, kwa sauti ambayo ilibidi nisogee ili niisikie, "Kila nikiishika cheni yako naiona ile iliyolegea. Naikaza ili nisiione. Wateja nawaambia kila siku, iliyokazwa mno nayo inaua. Nawaambia kwa mdomo huu."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana mpaka jirani asogeze kiti. Hasira ikaniishia pale pale, ikabaki huruma, na huruma ya mume inachosha kuliko hasira. Nikakaa kwenye kreti pamoja naye, tukabanana.

"Pikipiki yangu umeifanya ya mtu mmoja," nikamwambia. "Hukumwachia mwanao nafasi. Hukujiachia hata wewe. Mimi nimechoka kwenda kule peke yangu, baba. Nakwenda kumtazama mjukuu wetu kama mjane."

Alinisogelea, na blauzi yangu ya kazi ikapata doa ambalo halikutoka tena.

Asubuhi nilimkuta ameshachutama, spana mkononi. Nati ya ekseli, ile inayoshika gurudumu la nyuma, ameilegeza. "Cheni ya watu wawili inapimwa na watu wawili wakiwa juu," akasema bila kunitazama. "Hamna njia nyingine. Nimwite jirani akae nyuma yako, mimi nipime."

"Jirani hana mjukuu kule."

"Basi tuweke gunia la mchanga."

"Gunia nalo halina. Na wa kupima nimeshampata, nimempigia simu."

Hakuuliza ni nani, maana pikipiki ilikuwa tayari inasikika inakata kona. Shemeji yangu alishuka akichechemea, akasimamisha pikipiki yake, akatutazama. Nilikuwa nimemweleza kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakumtania mdogo wake. Aliketi chini, kwenye vumbi, ule mguu wake kaunyoosha pembeni, akasubiri.

Nikapanda mbele. Mume wangu akaizunguka pikipiki. Akaizunguka tena. Akashika keria, akapandisha mguu, magoti yakalia, akakaa. Nilisikia pikipiki ikishuka chini yetu. Nilisikia pia pumzi yake kwenye shingo yangu, fupi fupi.

"Kaka, inacheza?"

"Haichezi. Imekaza."

Akashuka, akalegeza upande huu, akalegeza upande ule kwa kipimo kile kile, maana gurudumu lisipokaa sawa pande zote mbili litakwenda upande. Akapanda.

"Sasa?"

"Bado kidogo."

Akashuka. Akapanda. Shemeji akasema imezidi, sasa imelegea mno, na mume wangu akageuka rangi, akashuka haraka na kukaza nusu ya alichokuwa amelegeza. Akapanda. Alipanda na kushuka mpaka miguu yake ikaijua njia na kichwa kikaisahau. Jasho lilikuwa linamtoka, lakini lilikuwa jasho la kazi sasa, nalijua kwa harufu.

"Sasa, kaka?"

Shemeji aliweka vidole vyake viwili chini ya cheni, akaisukuma juu, akaiachia. Akaisogeza pikipiki mbele kidogo, sisi tukiwa juu, akaipima cheni mahali pengine. Hakuwa na haraka. Vidole vile nilikuwa nimeviona miaka mingi vikimnyooshea mdogo wake kwa kejeli.

"Inacheza," akasema. "Vidole viwili. Tena vyangu, vinene. Haitakukamata na haitaruka, mdogo wangu. Nimeipima mimi."

Mume wangu akashuka mara ya mwisho, akakaza nati ya ekseli mpaka spana ikagoma, akaijaribu breki ya nyuma, maana ukisogeza gurudumu breki nayo inasogea. Akapanda tena, apime kama kukaza hakukuharibu kitu. Hakikuharibika kitu. Alipaswa kushuka. Hakushuka.

"Washa," akaniambia shingoni. "Washa kabla sijashuka."

Shemeji aliichukua ile kofia msumarini, akamwaga nati zote chini. Nikageuka, nikamvalisha, nikaupitisha mkanda chini ya kidevu chake na kuuvuta mpaka akakunja uso. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu namna ile.

"Abiria," nikamwambia, "miguu kwenye vya kukanyagia, hata nikisimama usiishushe. Nikilala na kona, lala na mimi."

"Hayo maneno nawafundisha watu mimi."

"Basi leo yafuate."

Tulipoanza kutembea alinibana kiunoni mpaka nikakosa hewa. "Baba, legeza," nikapaza sauti. "Acha vidole viwili." Nikamsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na kwikwi, lakini kicheko. Akalegeza. Nilikwenda mwendo ambao hata kuku walitupita. Tulipokaribia mbao alikakamaa.

"Usitazame chini," nikamwambia. "Tazama unakotaka kwenda."

Tulipovuka na kufika pale kwenye tuta nikamwambia, "Ni hapa." Aliegemeza kofia yake mgongoni kwangu na kuiacha hapo mpaka tukapita. Chini yetu cheni ilikwenda kimya.

Binti yetu alikuwa mlangoni na mtoto begani. Alisikia pikipiki akatoka kunipokea mimi, kisha akaona kwamba nina mtu. Hakusogea. Mume wangu alishuka, na kwa kuwa ni yeye, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuchutama na kuigusa cheni. Ilikuwa ya moto. Inacheza. Akainuka, akatazama mikono yake, imejaa grisi, akaificha nyuma.

"Ngoja ninawe kwanza," akamwambia binti yake.

"Baba, umeshachelewa kunawa."

Akamlaza mtoto kwenye mkunjo wa mkono wa baba yake, juu kidogo ya weusi. Mume wangu akasimama hivyo, viganja kaviweka mbali na mwili, hathubutu kugusa wala kujikuna, machozi yanamteremka na hana cha kuyafutia. Nikayafuta mimi kwa ncha ya kanga. Mke mwenzangu alifungua jicho moja, akamkagua, akalala tena. Ndani ya nguo zake kile kibati kikalia kidogo.

"Nilikukazia njia, mwanangu," akamwambia binti yetu. "Nisamehe."

Binti yetu hakusema amesamehe. Alimwegemea baba yake upande ule uliokuwa hauna mtoto, wakakaa hivyo, nikawaacha nikaenda kutafuta maji na sabuni.

Jua lilipoanza kushuka nikasema tuondoke kungali na mwanga. Akanifunga kofia, nikamfunga yake. Binti yetu alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki, akasimama akizungusha zungusha ufunguo wangu kidoleni, na nikaona anajizuia. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Baba, utakuja lini tena?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimjua, nilijua linalokuja.

"Jumatatu," akasema. "Muulize mama yako tunatoka saa ngapi."